Mkanda wa Koplo

BONNY: Haloo? Nani huyu na namba ndefu hivi?

ARYEMO: Omera, kaka yangu, ni mimi.

BONNY: Mimi nani?

ARYEMO: Aryemo. Ama una dada wangapi Uturuki?

BONNY: Eh, lamera, dada yangu. Namba imebadilika.

ARYEMO: Nimebadilisha laini. Umeamkaje?

BONNY: Sijaamka. Ndiyo naingia kutoka kazi. Usiku mzima nimesimama kwa geti ya hoteli kule Nakasero, mvua inaninyeshea upande moja. Hata viatu sijavua.

ARYEMO: Pole, kaka.

BONNY: Ndiyo kazi.

ARYEMO: Na baba?

BONNY: Yuko. Amekaa hapa nje kwa mkeka, anaota jua.

ARYEMO: Anasema chochote?

BONNY: Kwa mimi? Hapana. Tangu kiharusi kimpige hajasema na mtu. Unajua hayo. Wewe uko wapi? Nasikia upepo.

ARYEMO: Niko pwani. Bibi ninayemtunza, daktari alisema hewa ya bahari itamsaidia kifua. Basi mtoto wake ametutuma tuzunguke vijiji vya huku, kimoja baada ya kingine. Mimi nasukuma kiti, nabeba dawa.

BONNY: Mmekuwa watalii.

ARYEMO: Mtalii gani anaosha mgongo ya mtu?

BONNY: Si mkataba wako uliisha? Ulisema Pasaka uko nyumbani.

ARYEMO: Nilisema. Sasa sikia, nimekupigia nikuambie kitu moja tu nikalale kidogo. Mbwa.

BONNY: Mbwa gani?

ARYEMO: Mbwa ya huku. Banange, hawa mbwa wana adabu kuliko watu.

BONNY: Aryemo, leo si siku ya—

ARYEMO: Ngoja, utacheka. Kijiji cha kwanza, tunashuka kwa gari, mbwa moja kubwa rangi ya majani makavu anakuja moja kwa moja. Hakuna kamba, hakuna mwenyewe. Mimi nikafanya ile kitu yetu. Nikainama kuchukua jiwe.

BONNY: Akakimbia.

ARYEMO: Ndiyo nilifikiria. Kampala ukiinama tu, hata kama hakuna jiwe, mbwa tayari yuko mbali, Bweyogerere. Huyu alikuja. Na yeye akainamisha kichwa, akanusa pale mkono yangu iko, anataka kuona nimeangusha nini. Kama ananisaidia kutafuta.

BONNY: (anacheka kidogo) Akusaidie kutafuta jiwe ya kumpiga.

ARYEMO: Niliona aibu, Bonny. Bibi ananiangalia kutoka kwa kiti. Nikajifanya nimependa lile jiwe, nikaliweka kwa mkoba. Mpaka leo natembea nalo.

BONNY: Hakubweka?

ARYEMO: Hawabweki. Wanalala kwa mlango ya duka, katikati kabisa, watu wanawaruka na mikate yao. Wana kitu ya plastiki kwa sikio, kama ng'ombe ya mradi, maana yake amechomwa sindano ya kichaa cha mbwa. Na tukitembea, moja anatufuata mpaka mwisho wa kijiji. Pale mwisho anasimama. Hapiti. Halafu mwingine anatokea upande ule, anatuchukua.

BONNY: Kama askari wa zamu.

ARYEMO: Ndiyo! Wanabadilishana zamu. Mimi nilikuwa karibu nimpigie saluti. Na jana, kwa msikiti, watu wameingia kusali, viatu vyote nje, mbwa amelala pembeni ya viatu. Hajagusa hata moja. Ungeleta hiyo kwa mtaa wetu ungekuta wameenda hata na mbwa.

BONNY: (kimya)

ARYEMO: Bonny? Mtandao umekata?

BONNY: Niko.

ARYEMO: Nilimwambia moja, "Kaa!" Kwa sauti ya baba. Si unakumbuka, nyumbani anasema Kiacholi, kanisani Kizungu, na mbwa Kiswahili. Nikasema, "Kaa!" Unajua alifanya nini?

BONNY: Hajui Kiswahili.

ARYEMO: Alipiga miayo. Halafu akaja akalala juu ya mguu wangu. Bonny, mbona hucheki? Hii si ile kitu ungecheka?

BONNY: Nimechoka, dada.

ARYEMO: Hapana. Kuchoka kwako nakujua. Kuna nini? Ni baba?

BONNY: Si baba. (mtandao unakwaruza) Ni Koplo, mbwa ya mzee.

ARYEMO: Koplo amekufa?

BONNY: Bado.

ARYEMO: Bado ni nini?

BONNY: Saa nne anakuja mtu wa sindano ya kuua mbwa. Mwenyekiti wa mtaa, Muhamadi, ndiye anamleta. Koplo alimuuma Wamalwa.

ARYEMO: Wamalwa yupi? Yule Mkenya jirani, anauza viatu Nakivubo?

BONNY: Yeye. Mtu mzuri, Aryemo. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni anapitia hapa kumsalimia mzee. Mzee hajibu, na yeye hachoki, anasalimia tu. Juzi alikuja, akainama kumpa mzee mkono, Koplo akamshika hapa, chini ya kiwiko.

ARYEMO: Alimrarua?

BONNY: Hapana. Alimshika tu, akakaa hapo. Meno yameingia lakini hatikisi. Watu wote wa nyumba hizi za kupanga wametoka, wengine na mifagio, wanapiga kelele, na yeye ameshika tu, anamwangalia mzee.

ARYEMO: Anamwangalia mzee.

BONNY: Ndiyo. Halafu mzee akasema, "Wacha."

ARYEMO: Baba alisema?

BONNY: Kwa hiyo mdomo imepinda. "Wacha." Na Koplo akaacha, akarudi nyuma, akakaa.

ARYEMO: Baba alisema neno, na wewe hukunipigia.

BONNY: Nikupigie niseme nini? Aryemo, mzee anaongea na hiyo mbwa kila siku. Akidhani nimelala, nasikia. "Njoo. Lala. Kaa hapa." Mimi ndiye namuosha. Mimi namlisha uji na kijiko, namgeuza, nampeleka choo. Hajawahi kusema hata Bonny. Mbwa anaambiwa njoo.

ARYEMO: Pole.

BONNY: Inaniuma. Sikufichi, inaniuma. Lakini maneno yake ndiyo hayo tu yamebaki, na leo saa nne wanakuja kuua mwenye kuyasikia. Mimi nitakuwa kazini usiku. Mzee atamwambia nani njoo?

ARYEMO: Mwambie Mwenyekiti hivyo.

BONNY: Nilimwambia. Akasema, "Kijana wangu, kesho akishika mtoto utaniambia nini?" Na ni ukweli. Hata mimi ningekuwa mwenyekiti ningesema hivyo.

ARYEMO: Bonny, ngoja. Wamalwa alikuwa amevaa nini?

BONNY: Nguo. Sijui. Shati.

ARYEMO: Kwa mkono. Ule mkono alimpa baba.

BONNY: Alikuwa na jaketi. Asubuhi kulikuwa baridi halafu jua likatoka, alikuwa amelivua, amelizungusha kwa mkono.

ARYEMO: Limefunika mkono?

BONNY: Ndiyo. Hapa mpaka hapa.

ARYEMO: Mungu wangu.

BONNY: Nini?

ARYEMO: Ndivyo baba alivyokuwa anawafundisha mbwa wa ulinzi! Wewe ulikuwa Gulu kwa shule ya bweni, hukuona. Mimi nilikuwa nakaa kwa ukuta wa kambi, naangalia. Askari moja anazungusha gunia kwa mkono, nene, anakuja kwa baba kama anataka kumpiga. Mbwa anashika pale pale kwa gunia. Hatafuni, anashika, anamwangalia baba mpaka aambiwe wacha. Omera, Koplo hakumuuma Wamalwa. Alifanya kazi.

BONNY: Kazi gani? Amestaafu. Hata kampuni ya ulinzi ilimpa baba bure kwa sababu mbwa ni mzee mwenzake.

ARYEMO: Nani alimwambia Koplo amestaafu?

BONNY: Sasa mbwa anaambiwa vipi?

ARYEMO: Ana mkanda? Ule wa ngozi, mpana, una pete ya shaba?

BONNY: Ana. Uko shingoni.

ARYEMO: Sasa hivi?

BONNY: Haujawahi kutoka. Wakati kiharusi kinampiga mzee walikuwa barabarani pamoja, si unajua, anamtembeza. Tulimleta mzee kwa boda, mbwa anakimbia nyuma. Mkanda umekaa tangu hapo.

ARYEMO: Na wewe hukuutoa?

BONNY: Nilijaribu mara moja nikimuosha. Akanionyesha meno yote. Nikasema basi, ni kitu ya mzee, nikiheshimu. Kila Jumapili naupaka mafuta usipasuke, hapo hakatai. Nasugua na ile pete mpaka inang'aa.

ARYEMO: Oh, Bonny.

BONNY: Nilidhani nafanya vizuri.

ARYEMO: Ulifanya vizuri. Sikia. Ule ni mkanda wa kazi. Ukiwa shingoni, mbwa yuko kazini. Hachezi, hagusiki, hata mama alikuwa hamkaribii. Jioni baba akirudi kambini anapiga magoti, anaufungua kwa mkono wake, anasema, "Imeisha." Baada ya hapo ndiyo sisi watoto tunaweza kumpanda mgongo. Na hakuna mwingine anaruhusiwa kuutoa. Wakiacha mtu yeyote autoe, mwizi pia atautoa.

BONNY: Kwa hiyo hii mbwa—

ARYEMO: Hajatoka zamu tangu baba aanguke.

BONNY: Usiku na mchana.

ARYEMO: Usiku na mchana.

BONNY: Ndiyo maana halali. Mimi nikitoka kazi nakuta amefungua macho vile vile. Nilikuwa nasema, hii mbwa na mimi sawa. Mimi angalau kuna mtu anakuja kunipokea.

ARYEMO: Hawa wa huku hawana kitu shingoni. Ndiyo nimekumbuka, nikiangalia huyu amelala hapa kwa ngazi. Shingo tupu kabisa. Bonny, mpe baba autoe.

BONNY: Mkono wa kulia umekufa.

ARYEMO: Na wa kushoto?

BONNY: Unashika kijiko siku ingine. Siku ingine hapana.

ARYEMO: Basi jaribu. Sasa, kabla hawajafika.

BONNY: Wamefika. Wanafungua geti.

ARYEMO: Saa nne bado!

BONNY: Mwenyekiti, Wamalwa, na mtu ana sanduku. Usikate. Naweka simu kwa mfuko wa shati, spika iko wazi. (kelele za geti) Mwenyekiti, karibu. Ssebo, karibu. Ndugu Wamalwa, mkono unaendeleaje? Pole tena. Naomba msimame hapo hapo. Hapana, sikatai. Sikatai, Mwenyekiti. Naomba tu mzee amalize kazi yake moja.

ARYEMO: Bonny, mwambie baba ni mimi nimesema.

BONNY: Baba. Baba, ni Bonny. Aryemo yuko kwa simu. Anasema Koplo bado yuko kazini. Anasema umtoe mkanda. Leta mkono. Huu wa kushoto. Koplo— Aryemo, haji kwangu.

ARYEMO: Hawezi kuja kwako. Ngoja baba.

BONNY: Mzee amemwita.

ARYEMO: Nimesikia. Hiyo ni sauti ya baba.

BONNY: Amekuja, ameweka kichwa kwa goti la mzee. Sasa vidole viko kwa kifungo. Vinateleza. Ni mafuta yangu haya. Nimepaka mafuta mengi.

ARYEMO: Mshikie kiwiko. Kiwiko tu. Usiguse mkanda.

BONNY: Nimeshika. Polepole, baba. Hapana, Mwenyekiti, mbwa hanisumbui, subiri kidogo tu, tafadhali. Polepole. Ulimi wa ngozi umetoka. Vuta. Vuta, mzee wangu. Umetoka.

ARYEMO: Aseme sasa. Lazima aseme.

BONNY: Baba, sema.

ARYEMO: Bonny?

BONNY: Midomo inatingishika.

ARYEMO: Mwache. Usimharakishe.

BONNY: Ulisikia?

ARYEMO: "Imeisha."

BONNY: Ndiyo.

ARYEMO: Koplo anafanya nini?

BONNY: Amesimama tu. Anamwangalia mzee. Anajikung'uta, shingo nzima, kama ametoka kwa maji. Mahali pa mkanda manyoya yameisha, ngozi nyeupe. Aryemo, sikuwahi kuona hiyo ngozi.

ARYEMO: Sasa jaketi.

BONNY: Jaketi gani?

ARYEMO: Mwenyekiti hatakubali kwa sababu ya mkanda. Lazima aone. Wamalwa ana jaketi?

BONNY: Unataka nimwambie mtu aliyeumwa arudie?

ARYEMO: Jifunge wewe.

BONNY: Mimi?

ARYEMO: Wewe ndiye unaogopa mbwa tangu utoto. Akikushika, basi, wachome sindano.

BONNY: Ndugu Wamalwa, niazime jaketi. Nizungushie hapa. Kaza. Ndiyo, kama vile ulivyokuwa. Mwenyekiti, angalia vizuri. Baba, nakuja kukusalimia.

ARYEMO: Nenda moja kwa moja. Usisite.

BONNY: Naenda. Ananiangalia. Ameangalia mkono. Aryemo, masikio yamesimama.

ARYEMO: Endelea.

BONNY: Nimefika. Nimempa mzee mkono. Amenusa jaketi. Ananusa tu. Sasa anageuka— anazunguka— amelala. Amelala ubavu, miguu imenyooka, kwa viatu vyangu. Dada, amefunga macho.

ARYEMO: Asante Mungu.

BONNY: Anakoroma. Unasikia? Naweka simu karibu.

ARYEMO: Nasikia.

BONNY: Ngoja, Mwenyekiti anasema. Ndiyo, Mwenyekiti. Ndiyo. Nitamfungia nyuma watoto wakiwa nje. Asante. Anasema mtu wa sindano arudi, lakini yeye mwenyewe atakuja kuangalia. Na Wamalwa anasema jaketi nibaki nalo mpaka kesho, asimwamshe mbwa.

ARYEMO: Mtu mzuri kweli.

BONNY: Hicho kicheko ni cha Mwenyekiti, si mimi. Nimekaa chini hapa na mzee na Koplo.

ARYEMO: Kaa. Pumzika. (kengele inalia mbali)

BONNY: Nini hiyo?

ARYEMO: Bibi ameamka. Ana kengele ndogo kwa kitanda.

BONNY: Si ulisema ulikuwa unataka kulala kidogo?

ARYEMO: Nitalala baadaye.

BONNY: Usiku nani anamwangalia?

ARYEMO: Mimi.

BONNY: Na mchana?

ARYEMO: Bonny, kifurushi kinaisha, nitakatika.

BONNY: Mkataba wako uliisha, Aryemo. Nilikuuliza, ukaniletea hadithi ya mbwa. Nani anashika pasipoti yako?

ARYEMO: Mtoto wake. Anaitunza vizuri, usiwe na wasiwasi. Iko kwa sanduku, ameifunga na karatasi isichafuke.

BONNY: Hata mimi nilikuwa napaka ule mkanda mafuta.

ARYEMO: (kimya)

BONNY: Dada.

ARYEMO: Nasikia.

BONNY: Ulimwambia huyo mtoto wake umechoka?

ARYEMO: Ni watu wazuri. Wananipa chakula chao. Bibi analia nikitaja nyumbani, basi nasema wiki ijayo. Kila wiki nasema wiki ijayo. (kengele) Naenda, omera. Mwambie baba nimesikia sauti yake.

BONNY: Ngoja, usikate. Mzee anafanya kitu.

ARYEMO: Nini? Haraka.

BONNY: Amenyoosha mkono. Ule wa kushoto. Anataka simu.

ARYEMO: Mpe.

BONNY: Haiweki kwa sikio. (mtandao unakwaruza) Anaipapasa tu. Anapapasa nyuma, anapapasa pembeni. Baba, unatafuta nini?

ARYEMO: Anatafuta nini?

BONNY: Anatafuta kifungo.

ARYEMO: (kimya ndefu)

BONNY: Aryemo, anatafuta shingo yako.

ARYEMO: (kengele) Mwambie— mwambie naja. Leo leo namwambia yule kijana anipe pasipoti. Mwambie aweke nguvu kwa huo mkono, naja anifungue mwenye—

BONNY: Haloo? Haloo? Imekata. Baba, wacha simu sasa, imekata. Amesema anakuja. Nimemsikia mwenyewe, anakuja. Lala kidogo, na mimi nilale hapa hapa.